Pua ya Baba

Baba yangu alistaafu udereva akabaki na kazi moja, na kazi hiyo aliifanya kwa pua. Kila Jumapili baada ya misa ya pili, watu wa Mbinga wenye magari ya zamani waliingia uani kwetu, wakafungua boneti, wakasogea pembeni. Baba aliinama juu ya injini, mikono ameifunga mgongoni, akavuta pumzi mara mbili tatu, kisha akasema, "Wotapampu hiyo." Au, "Mpira wa chini wa rejeta, ubavu wa ndani, una ufa." Walipochungulia walikuta ni kweli. Alikuwa ameendesha lori la kahawa kwa zaidi ya miaka thelathini, Mbinga hadi Songea, Songea hadi Makambako, na geji za malori yale zilikuwa zimekufa kabla yeye hajapewa funguo. Dereva aliyengoja geji imwambie kwamba injini inachemka alirudi nyumbani kwa miguu. Hayo ni maneno yake, na aliyasema kila Jumapili.

Wengine hawakuja hata na gari. Walikuja na boksi. Ulikuwa umekuwa utaratibu wa mji: jioni ya Jumamosi unatandaza boksi safi chini ya injini, asubuhi unalikunja, unakwenda nalo kanisani, unaliweka chini ya benchi, na misa ikiisha unampelekea mzee. Baba alilifungua lile boksi akalisogeza puani, akanusa doa moja baada ya jingine kama mama anayechagua samaki sokoni. Hii oili ya injini. Hii ya gia. Haya maji ya rejeta, yana kutu, na yameanza kuvuja juzi tu. Paroko mmoja aliwahi kusema mahubirini kwamba angependa waumini walete dhambi zao kwa unyoofu ule wanaopeleka maboksi kwa mzee yule. Watu walicheka, na baba alitembea wiki nzima kidevu kikiwa juu.

Hakulipwa. Alichotaka ni watu waje, wamsikilize, waondoke wakisema mzee ana pua. Ukimwondolea hilo, alibaki mzee mwenye nyumba ya bati, migomba, kahawa kidogo na gari bovu. Alilijua hilo vizuri, na mimi nililijua kuliko yeye.

Sisi watoto tulipata elimu ile kwa njia nyingine. Jumamosi baba alipanga visosi vitatu mezani, kila kimoja na oili au maji ya gari, akatufunga macho kwa kitenge cha mama, akatupitisha mmoja mmoja. Hiki ni nini? Na hiki? Hakuna kugusa. Aliyekosea alikwenda kulala bila chakula, na baba hakuwa mtu wa kusahau adhabu. Mama alitupitishia kiazi cha kuchemsha kwa siri, naye alisemwa alipokamatwa. Kaka zangu wawili mpaka leo hawataki kuona boneti imefunguliwa. Mmoja yuko Dodoma na mwingine Tunduru, na wakiharibikiwa na gari wanaita fundi kisha wanasimama mbali. Mimi nilijifunza. Nikiwa na miaka kumi sikukosea tena, na baba aliponiona sikosei aliacha kunipima. Hakunisifu hata siku moja.

Nilirudi kwake nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya ndoa yangu ya Songea kuvunjika. Mimi ni mwalimu. Niliomba uhamisho, nikapewa shule ya Mbinga. Nilipofika na mabegi alitoka mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Betri ikirudishwa dukani, muuzaji lazima aulize imefanya nini." Kisha akaingia ndani. Mama alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kunipa kiazi.

Nilimpikia, nikamfulia, nikaendesha gari lake, kwa maana macho yake hayakupenda tena taa za magari yanayokuja mbele. Aliniita Mwalimu. Kwa mtu mwingine hilo ni jina la heshima, lakini kwa baba lilikuwa ni kunikumbusha kwamba mimi si mke wa mtu. "Mwalimu, chai." "Mwalimu, gari lina vumbi." Nilivumilia, na kila siku niliyovumilia niliiweka mahali.

Masika ya mwaka juzi alipata mafua makali, akalala wiki tatu. Alipoinuka, niliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Alianza kugusa. Aliinama juu ya injini kama zamani, lakini vidole vilitangulia, vikapapasa mipira, vikasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada. Alianza pia kuuliza maswali mengi: linavuja lini, ukipanda au ukishuka, maji yanapungua kiasi gani. Zamani hakuuliza mtu chochote. Halafu siku moja niliunguza maharage mpaka nyumba ikajaa moshi wa sufuria, na baba, ambaye aliwahi kumrudishia mama sahani kwa ajili ya kitunguu kilichoiva kupita kiasi, aliyala yote akapangusa mdomo. Basi nikajua. Pua ilikuwa imekufa.

Ningeweza kumwambia pale pale, tukiwa wawili. Ningesema, baba, najua, tuache mambo ya Jumapili, au mimi ninuse na wewe useme. Sikusema. Niliketi na siri yake nikaitunza, na nikawa nasubiri siku itakayonifaa. Baadaye nilijidanganya kwamba nilifanya kwa ajili ya haki, ndiyo maana nataka hili liandikwe mapema.

Siku ilikuja na bwana mmoja wa Ngumbo, huko chini ziwani. Alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, akileta samaki wakubwa na usipa, dagaa wa ziwani, Mbinga, akirudi na maharage na mahindi. Mtu wa makamo, mpole, Mwanglikana asiyekosa ibada, lakini Jumapili ile aliacha ya kwake akasubiri ya kwetu iishe. Pikapu ilikuwa imechemsha mara mbili akipanda milima, na alikuwa amesikia habari za mzee. Alisema, "Shikamoo mzee. Maji yanapungua, lakini chini hapadondoki kitu." Akatoa boksi lake. Lilikuwa safi kabisa.

Baba aliliweka puani kwa muda mrefu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Mimi nilikwenda kwenye injini. Nilifungua kifuniko cha oili, nikakuta chini yake ute wa rangi ya chai ya maziwa. Nilimwomba yule bwana awashe, nikafungua rejeta, nikaona mapovu yanapanda moja baada ya jingine, hayaishi. Moshi wa ekzosi ulikuwa mweupe na mzito, na ulinuka mvuke wa kutu. Mtoto wa miaka kumi kwenye visosi vya baba angejua. Nikasema, "Gasketi ya silinda hedi imekufa. Maji yanaingia kwenye injini, ndiyo maana hayadondoki. Usishuke na gari hili."

Baba alikwenda nyuma, akainama kwenye ekzosi, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Safi," akasema. "Moshi wa dizeli tu."

"Baba, tazama oili."

"Umande. Gari limelala Mbinga na baridi hii, kifuniko kitakosaje ute?"

"Na mapovu?"

Aliwageukia wale wanaume, akatabasamu. "Mwanamke ananusa mchuzi. Injini atuachie sisi." Wakacheka. Hawakucheka sana, lakini walicheka, na wawili kati yao nilikuwa nawafundishia watoto.

Kisha akatoa dawa yake. Alisema rejeta inavuja kwa juu, ufa mwembamba, maji yanakaukia kwenye moto kabla hayajafika chini. Dawa ilikuwa ile ya madereva wa zamani: vitanga viwili vya unga wa muhogo ndani ya rejeta, uwashe, uache uzunguke. "Siyo wa mahindi. Wa mahindi huoza. Wa muhogo hushika." Yule bwana alicheka kwa furaha, kwa maana kule kwao ukikosa kitu chochote, unga wa muhogo hukosi. Alimshukuru baba kwa mikono miwili. Mimi aliniaga kwa adabu, kama unavyomuaga mtu aliyejaribu.

Sikumfuata. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na ningeweza kutoka hadi barabarani nikamwambia usithubutu. Nilisimama nikamtazama akitoka na pikapu yake, nikamwambia Mungu moyoni, sasa.

Alhamisi ya wiki ile ile pikapu ilinoki mlimani, injini ikakwama kabisa, ikiwa imejaa samaki wabichi. Lori la mchanga lilimvuta hadi Mbinga, na siku nzima ilikuwa imepita juani. Alipoingia uani kwetu, majirani walitoka kwa sababu ya harufu, wakasimama wameziba pua kwa kanga na makoti. Hakuja kugomba. Alikuja kuuliza. "Mzee, nilikosea wapi?"

Baba alijibu bila kupepesa macho. "Ulizidisha unga. Na ulipanda kwa haraka."

"Nisamehe, mzee," akasema yule bwana.

Injini ilikuwa yake, samaki walikuwa wake, na ndiye aliyeomba radhi. Baba aliegemea ubao wa pikapu ile, uso wake upo karibu kabisa na matenga yanayotiririka maji ya kuoza, akipumua vizuri tu, akamwambia kwa upole, "Samaki wako bado wazima. Wahi soko la jioni." Watu walidhani anamfariji. Mimi nilimwona mtu aliyesimama kwenye uvundo hajui. Hasira iliyonipanda sikuwahi kuwa nayo hata siku mume wangu aliponitolea mabegi nje. Niliamua kwamba baba atasema neno moja, nimekosea, atalisema kwa yule bwana, na kabla ya hapo nitamvua nguo mbele ya watu.

Jumapili iliyofuata walikuwepo wanaume tisa au kumi. Nilitoka na sinia, juu yake visosi vitatu, na kitenge begani. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Baba, wengine hapa hawajawahi kuona ulivyotufundisha sisi. Hebu waonyeshe."

Alinitazama. Alijua. Alielewa papo hapo kwamba nimejua siku nyingi na nimekaa kimya. Angeweza kusema leo sijisikii, na wote wangekubali. Lakini tayari walikuwa wanavuta viti na kuchekelea kama watoto wanaosubiri mchezo, na baba hakuwahi kuwanyima watu mchezo huo. Akakaa. Nilimfunga macho mwenyewe, nikakaza fundo.

Cha kwanza kilikuwa oili ya gia. Hiyo inanuka kuliko zote, hata ng'ombe angeitambua. Aliinama, akainua mkono achovye kidole. Nikaushika mkono wake, nikaurudisha gotini. "Bila vidole, baba. Ndivyo ulivyotufundisha."

Akavuta pumzi. "Ya breki."

Mtu mmoja alikohoa.

Cha pili kilikuwa maji ya rejeta yenye kutu. Akasema, "Oili ya injini, imechoka." Alisema haraka, kama mwanafunzi anayetaka kumaliza. Sasa hakuna aliyekuwa akichekelea. Mzee mmoja, rafiki yake tangu wakiwa matingo wa malori, alinifanyia ishara kwa mkono: inatosha. Nikamwona vizuri, nikasogeza kisosi cha tatu.

Cha tatu kilikuwa kitupu. Nilikiosha kwa sabuni nikakikausha kwa kitambaa.

Baba alikinusa kwa muda mrefu kuliko vile viwili. Alirudi nyuma, akainama tena. Jasho lilikuwa limetoka chini ya kitenge, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Halafu akasema taratibu, na kwa uhakika wote wa zamani, "Maji ya rejeta. Yana kutu."

Nikamfungua macho ili akione.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siwezi kusema kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri mpaka miguu ikawa myepesi. Rafiki yake aliokota kofia, akasema kuna mtu anamngoja nyumbani. Wengine waliangalia viatu vyao. Nikasema, "Injini ya yule bwana wa Ngumbo imekufa kwa ajili ya pua hii. Baba, utakwenda kumwomba radhi."

"Nitakwenda," akasema. Akainuka, akaingia ndani akijishikilia kwenye mlango.

Mjini walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini magari yanachemka vile vile, na baada ya wiki mbili wakaanza kuja tena, sasa wakiniuliza mimi. Maboksi yaliwekwa mikononi mwangu. Nilipatia moja, nikapatia la pili. Baba alikaa chumbani na redio, na nilipokuwa nikiwaeleza watu niliongeza sauti kidogo ili asikie.

Kisha gari letu wenyewe likaanza. Kila asubuhi rejeta ilikuwa imepungua, kiasi cha kikombe kimoja, baadaye viwili. Nilitandaza boksi, likaamka kavu. Nilifungua kifuniko cha oili, safi. Hakuna mapovu, wala moshi mweupe. Nilibinya mipira yote, nikapapasa wotapampu, nikanunua kifuniko kipya cha rejeta. Kavu kila mahali. Geji ya gari lile ilikuwa imekufa miaka mingi, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza isipokuwa pua yangu, na pua haikunipa kitu. Jambo pekee lilikuwa ukungu wa ndani kwenye kioo cha mbele, unaonata ukiufuta. Mwezi wa saba, Mbinga, nani anashangaa ukungu? Kila gari lina ukungu, kila dereva ana tambara. Nilifuta nikaendelea.

Baba angejua. Ningesimama mlangoni nikamwambia maji yanapungua, boksi kavu, kioo kina ukungu unaonata, angenijibu bila kuzima redio. Hilo halikuhitaji pua, lilihitaji miaka thelathini. Lakini unamwulizaje mtu uliyempa kisosi kitupu? Nilijaza maji, nikaweka madumu mawili nyuma ya gari.

Shule zilipofungwa nikamwambia kesho tunakwenda Ngumbo. Alijibu, "Haya, Mwalimu." Alivaa suti yake ya kanisani na viatu vyeusi vya ngozi alivyovipaka rangi mwenyewe. Tulishuka asubuhi, lami hadi Mbamba Bay, halafu ile njia ya kandokando ya ziwa. Kushuka hakuchemshi gari.

Yule bwana alitupokea kwa heshima ambayo hatukustahili. Injini yake ilikuwa imefunguliwa, silinda hedi imelala juu ya gunia karibu na vichanja vya usipa. Njia za maji zilikuwa zimeziba kwa unga ulioiva ukakauka, mgumu kama ukoko wa ugali. Na gasketi ilikuwa imeungua pale pale niliposema. Baba alichuchumaa, akakwangua ule ukoko kwa ukucha, akautazama. Mke wa yule bwana alitoka na maji ya kunawa, watoto nyuma yake, na mashemeji wawili.

Baba alisimama. Hakusubiri niseme. "Nimekosea," akasema. "Gasketi ilikuwa imekufa. Binti yangu alisema, mimi nikakataa. Pua yangu haisikii kitu tangu mwaka juzi, na nilijua. Niliogopa watu wataacha kuja. Nikakuua wewe ili waendelee kuja."

Yule bwana aliangalia chini. "Mzee, usiseme hivyo mbele ya watoto wangu," akasema. "Yaliyopita yamepita."

Tulikula. Ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, na mke wa yule bwana alimchagulia baba mnofu, akamwekea karibu. Mimi aliniwekea sahani mbele yangu bila neno. Habari za visosi zilikuwa zimefika ziwani kabla yetu. Nilikuwa nimepata neno langu, lote, mbele ya mashahidi, na kila mtu pale alikuwa upande wa baba.

Tulianza kupanda saa nane. Nilijaza rejeta hadi juu kabla ya mlima, nikamimina na dumu moja lote. Kwa nusu saa ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Joto la ziwani lilibaki nyuma, mawingu yakaanza, na baba akasema jambo lake la kwanza tangu Ngumbo. "Washa hita. Nina baridi."

Nikawasha. Hewa ya moto ikaja, kioo kikafanya ukungu, nikafuta. Kikafanya tena, nikafuta. Baba alikuwa ameweka mikono magotini, anatazama mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vya kuzuia maji, mlimani, uso umetulia. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikafikiri, labda ameshatua mzigo. Nilianza hata kutafuta la kumwambia. Nilitaka kusema ulisema vizuri pale, baba. Nilikuwa bado napanga maneno hita ilipoanza kutoa hewa ya baridi.

Hita ikitoa baridi wakati injini iko motoni, maana yake hakuna tena maji ya kuipasha. Sasa najua. Wakati ule nilifikiri imeharibika, nikaizima. Kona mbili mbele, injini ikapoteza nguvu, ikaanza kugonga, nikasikia harufu ya chuma kilichoungua, na kabla sijafika pembeni ya barabara ikasimama yenyewe. Mvuke haukuwa mwingi. Hakukuwa na maji ya kutoa mvuke.

Nilifungua boneti. Nilijaribu kuizungusha injini kwa funguo, ikagoma, ilikuwa imenoki. Nililala chini kwenye lami nikachungulia. Kavu. Mipira ilikuwa kavu, wotapampu kavu, rejeta kavu nje na ndani. Lita zote zile nilizomimina chini ya mlima hazikuwa mahali popote. Nilisimama na mikono yenye masizi, nikazunguka hadi mlango wake, na kwa mara ya kwanza tangu vile visosi nikamwuliza.

"Baba, maji yamekwenda wapi?"

Alifungua mlango. Akatoa mguu wa kushoto nje, polepole, akavua kile kiatu cheusi, akakiinamisha. Maji ya kutu yakamwagika barabarani, mengi, yakitoa mvuke kidogo. Nikainama nikafunua mpira wa chini alipokuwa ameweka miguu. Zulia lote lilikuwa limelowa chapachapa. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye hita, nyuma ya dashibodi, yanamwangukia yeye. Soksi yake ilikuwa imeshikana na mguu. Alipoivuta, ngozi ya vidole ilikuwa nyekundu na imejikunja, na kwenye kifundo lengelenge lilikuwa limeanza kujaa.

"Yameanza lini?" nikauliza.

"Mengi, tangu uliposhika mlima. Kidogo kidogo, tangu mwezi wa sita."

"Umekaa yanakuunguza miguu, hukusema?"

Aliikamua soksi, akaitandaza gotini, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Uliwaambia watu pua yangu imekufa," akasema. "Ni kweli, imekufa. Miguu hukuiuliza."

Kisha akavua kiatu cha pili, akamwaga.